Nyumba ya Lugha Ilipofungwa

Mtoto wa Unguja au wa Pemba hawezi kuikumbuka siku aliyoanza kukijua Kiswahili. Amekikuta nyumbani kama alivyoukuta mkeka na mtungi wa maji: kwa lugha hiyo amebembelezwa, kwa lugha hiyo amegombezwa, na kabla mkono wake haujaweza kushika kalamu ameshategewa vitendawili na bibi yake na kuvitegua vingi. Akipelekwa skuli, mwalimu hampi lugha. Humpa herufi za lugha aliyokwenda nayo. Kwa hivyo watu wa mwambao huwa wepesi kudhani kwamba ndivyo ilivyo kila pembe ya Tanzania: lugha hutoka kwa mama, na skuli huja baadaye kuipiga msasa.

Ziko pembe ambako mambo ni kinyume chake. Katika mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002, zimo wilaya mbili za Mbulu na Hanang. Mbulu imekaa juu, kwenye kingo za Bonde la Ufa, nchi ya vilima vya baridi na mashamba yaliyotiwa samadi vizazi na vizazi. Hanang imetandaa miguuni mwa mlima wa jina hilo hilo, ambao kilele chake kimepita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na chini yake liko ziwa Balangida lenye magadi na chumvi. Wanaisimu huitaja nchi hii kwa mshangao, kwa kuwa ni mahali adimu barani Afrika ambapo makundi manne makubwa ya lugha za bara hili hukutana. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatooga, lugha ya Kiniloti. Wanyiramba, Wanyaturu na Warangi wa jirani lugha za Kibantu. Na Wahadzabe wa bonde la Yaeda lugha yenye sauti za vidoko, ambayo zamani ilihesabiwa pamoja na lugha za Kikhoisani na ambayo leo wataalamu wengi huiona iko peke yake, haina ndugu.

Mtoto anayezaliwa Kainam, Balangdalalu au Yaeda Chini aghalabu hakikuti Kiswahili mapajani mwa mama yake. Huenda amekisikia mnadani siku ya soko, huenda amekisikia redioni. Lakini kukisema, kukisoma na kufikiri kwacho ni mambo yanayoanza siku anayovuka kizingiti cha skuli. Kwa mtoto huyo, darasa ndiyo nyumba ya Kiswahili. Basi skuli za Tanzania zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, amri ilikuwa moja lakini hasara hazikuwa sawa. Mtoto wa pwani alifungiwa masomo. Mtoto wa Mbulu na Hanang alifungiwa masomo pamoja na lugha yake ya masomo.

Mfuatano wa siku zile bado unakumbukwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha, si mbali sana na wilaya hizi. Siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa skuli zote, za awali, za msingi na za sekondari, kwa siku 30. Vyuo vikafuata, na Zanzibar nayo ikafunga zake. Siku 30 zikazaa nyengine. Wanafunzi wa vyuo na wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni, na waliobaki wote wakangoja mpaka tarehe 29 Juni. Ukizihesabu, ni siku zaidi ya 100.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari ya mwaka ule alikuwa na wiki kama 10 tu za Kiswahili mlango ulipofungwa. Kwa mpango wa kusoma, kuandika na kuhesabu unaofuatwa katika madarasa ya mwanzo, alikuwa bado kwenye irabu na silabi, wakati ambao mtoto huweza kulisoma neno kabla hajajua maana yake. Mtoto wa Yaeda anaweza kutamka "pwe-za" bila ya kosa na asijue kama huyo ni mnyama, mti au jina la mtu. Maana hutoka kwa mwalimu: kwa mikono yake, kwa uso wake, kwa mchoro wa chaki ubaoni, na kwa kurudia bila ya kuchoka.

Serikali haikukaa bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha vipindi vya masomo, vikarushwa kwa redio na televisheni. Kwa mtoto wa mjini mwenye televisheni barazani, vipindi vile vilikuwa msaada. Katika nchi ya vilima na mabonde, ambako mawimbi ya redio hayafiki kila mahali, ambako kaya nyingi hazina umeme, na ambako simu moja ya nyumba huondoka asubuhi mfukoni mwa baba, msaada ule ulikuwa mbali. Na hata pale redio ilipokuwepo na betri zake, palikuwa na kizuizi chengine ambacho hakikutajwa sana. Mwalimu wa redioni hamwoni mwanafunzi wake. Hajui kama neno limeingia au limepita juu ya kichwa. Husema Kiswahili akidhani anamsemesha mwenye Kiswahili, ilhali anayemsikiliza ana wiki 10 tu za lugha hiyo, na anachokisikia ni sauti tu.

Isitoshe, miezi ile ilikuwa ya kazi. Machi mpaka Mei ni masika: kuna palizi, kuna ndege wa kuamiwa mashambani, kuna ndama wa kuchungwa, na Juni inapoingia mavuno nayo yanabisha hodi. Ng'ombe hawajui likizo. Mzazi aliyempata mwanawe nyumbani wakati kama huo alimpa kazi, na hakuna wa kumlaumu. Nyumba ya mkulima au ya mfugaji haiachi mikono ikae bure. Lakini kazi za nyumbani hufanywa kwa lugha ya nyumbani. Kiiraqw kina maneno ya kila namna kuhusu samadi na mtama, na Kidatooga kuhusu rangi na pembe za ng'ombe, na mtoto aliyetumia siku 100 katika utajiri huo hakuwa amelala. Alikuwa anajifunza. Ila hakuwa anajifunza kile ambacho mtihani ungemuuliza.

Na mwalimu je? Kiswahili kilipanda bara kwa misafara, kwa misheni na kwa maofisa wa serikali za kikoloni, lakini aliyekiingiza katika vijiji vya ndani kabisa ni mwalimu wa skuli ya msingi, hasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo 1977. Mwalimu huyo mara nyingi si mtu wa pale. Ametoka Kagera, Mbeya au Tanga, amepangiwa kituo na serikali, na siku ya kwanza hukabiliwa na macho ya watoto wasioelewa asemalo. Hapo humwita mwanafunzi wa darasa la sita au la saba aje amsaidie kueleza. Mtoto huyo ndiye mkalimani wake darasani, na jioni, akipita majumbani kuuliza kwa nini fulani haonekani skuli, mtoto huyo huyo ndiye mkalimani wake kwa wazee. Skuli ilipofungwa mwalimu alipoteza wanafunzi, na alipoteza pia ulimi wake. Alibaki kijijini na mshahara wake, kama ni wa serikali, akiwa bubu kati ya watu. Wenzake wa skuli binafsi na za madhehebu ya dini, ambao malipo yao hutegemea ada, wengi wao nchini kote walikaa miezi bila ya kupata hata mshahara huo.

Wapenzi wa lugha wataukumbuka mwaka ule kwa maneno yake. Barakoa ni neno la zamani la mwambao: lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake, kilichoonekana Zanzibar ya zamani na kinachoonekana bado Oman. Mwaka 2020 neno hilo lilivuliwa udi na uzi wa dhahabu, likavishwa kamba za masikioni, likapanda mpaka Haydom na Katesh likiwa na kazi ya afya. Karantini nayo si ngeni visiwani. Changuu, kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe, kilikuwa kituo cha karantini tangu enzi za ukoloni. UVIKO lilishonwa kwa vipande vya maneno ya ugonjwa na virusi. Na kibuyu chirizi, jina zuri kuliko yote, likaenea skuli hata skuli: dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa, lenye kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, ili mtu anawe bila ya kukishika chombo. Maneno haya yote, yalipofika vijiji vile, yalihitaji mtu wa kuyafungua. Kila aliyetazamwa kwa kazi hiyo alikuwa mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kuwa mwenye Kiswahili.

Tuseme alitaka kumweleza mzee wa Kiiraqw maana ya karantini. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kulirudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, kama wafanyavyo wengi wanaposema na asiyejua lugha yao. Ya pili ni kuuliza: kwenu kuna nini kinachofanana na hiki? Angaliuliza hivyo, angaliweza kusimuliwa habari za metimani, ada ya Wairaqw ambayo kwayo kaya iliyofikwa na misiba ya aina maalumu hujitenga na majirani, haiingiliani nao kama kawaida, mpaka muda wake wa kutakasika umalizike. Hapo mfasiri hufurahi, kisha husita. Hufurahi kwa kuwa watu hawa wanajua tangu mababu zao kwamba kujitenga ni njia ya kumhifadhi jirani, na hawahitaji kufundishwa jambo hilo kutoka mwanzo. Husita kwa kuwa metimani ina uzito wa unajisi, na mgonjwa wa korona hana unajisi wowote. Akifananishwa moja kwa moja, anaweza kutwikwa aibu isiyo yake na akayaficha maradhi. Shairi likifasiriwa vibaya, hasara ni ya shairi. Onyo la maradhi likifasiriwa vibaya, mtu huficha kikohozi chake mpaka kimshinde.

Upimaji huu wa maneno haufundishwi katika vyuo vya ualimu. Aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia mwalimu kuupima, yule mtoto wa darasa la saba, siku hizo alikuwa machungani.

Kisha ukaja ugumu wa habari. Takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa Tanzania Bara mwishoni mwa Aprili 2020, na mwezi wa Juni Rais John Magufuli akasema kwamba Mungu ameiondolea nchi maradhi hayo. Skuli zilipofunguliwa, mwalimu alitakiwa asimamie unawaji wa mikono kwa sababu ya ugonjwa ambao wazazi walikwisha kusikia kwamba haupo. Hakuwa na hesabu ya kuwaonesha, wala hakuwa na ruhusa ya kubuni hesabu yake. Na hata kama wote wangeliafikiana, kulikuwa na swali la nafasi na la maji. Kanuni ya serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la msingi, lakini tangu michango na ada zilipofutwa Januari 2016 skuli nyingi za nchi ziliipita hesabu hiyo. Mita moja kati ya mtoto na mtoto ingelipatikana wapi, kwenye dawati la watoto watatu au wanne? Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo humo ndimo chaki, karatasi za mitihani na sabuni zilimokuwa zikigombania. Kibuyu chirizi ni chombo chepesi, lakini lazima mtu akijaze, na katika vijiji vilivyo upande mkavu wa Hanang maji hayo hubebwa kichwani au juu ya punda kutoka mbali.

Anayejua jinsi lugha ya pili inavyojengwa hatashangaa akiambiwa kwamba mtoto wa wiki 10 za Kiswahili, baada ya siku 100 za kutokukisikia, hurudi darasani akiwa na salamu na majina machache tu. Mwalimu alianza upya, na alianza upya huku saa inakimbia, kwa kuwa mwaka wa masomo haukungoja. Mtihani wa kumaliza darasa la saba, ambao kwa desturi hufanyika Septemba, ulisogezwa kwa wiki chache tu, ukafanyika tarehe 7 na 8 Oktoba 2020. Karatasi ilikuwa moja kwa nchi nzima: kwa mtoto aliyeyatumia mapumziko barazani kwa bibi wa Kiswahili, na kwa mtoto aliyeyatumia nyuma ya ng'ombe wa Basotu.

Wako ambao hawakurudi kabisa. Mvulana aliyezoea kuchunga kwa ujira aliona fedha iko karibu kuliko cheti. Msichana aliyepata mimba katika miezi ile alikuta mlango umefungwa kwa kanuni, kwa kuwa wakati huo mwanafunzi mjamzito alifukuzwa skuli za serikali na hakuruhusiwa kurejea hata baada ya kujifungua. Kanuni hiyo ilikuja kuondolewa tarehe 24 Novemba 2021, katika serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kwa aliyefukuzwa katikati ya 2020, muda huo ulikuwa mrefu wa kutosha kuwa mke wa mtu na kusahau kusoma.

Ugonjwa huo huo ukaja kujenga. Tarehe 10 Oktoba 2021 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa iliyotumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi cha shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya skuli shikizi, yaani zile ndogo zinazowekwa karibu na watoto wa vijiji vya mbali. Ni jambo la kushukuriwa. Mtoto wa miaka 6 asiyelazimika kutembea saa mbili asubuhi hufika akiwa na nguvu ya kusikiliza. Hata hivyo chumba hakisemi. Kinachokifanya kiwe nyumba ya lugha ni mtu anayesimama mbele, na swali la 2020 bado halijajibiwa: mtu huyo asemeje na mtoto asiyekuwa bado na Kiswahili?

Hapa wapenzi wa Kiswahili wa mwambao huingiwa na hofu. Wakisikia kwamba mwalimu wa darasa la kwanza Mbulu aruhusiwe, tena afundishwe, kueleza kwa Kiiraqw kile anachokisoma kwa Kiswahili, hudhani kwamba lugha ya taifa inatolewa mlangoni. Hofu hiyo ina historia ya kuheshimiwa. Watu waliofanya kazi kubwa kukiinua Kiswahili hawapendi kukiona kinarudi nyuma hata hatua moja. Lakini yaliyotokea mwaka 2020 yanaonesha upande mwengine wa jambo. Kiswahili kilichosimama juu ya mguu mmoja tu, mguu wa darasa, kilianguka mara darasa lilipofungwa. Kingelikuwa na mguu wa pili nyumbani, mtoto angeliweza kumuuliza mama yake neno, na mama akamjibu kwa lake, na neno hilo likabaki. Lugha mbili zilizofunganishwa tangu siku ya kwanza hushikiliana. Moja ikinyamaza, nyengine huikumbusha.

Tena watu hao si masikini wa maneno hata waonekane wanapewa sadaka. Wairaqw wana slufay, dua ndefu ya kishairi inayotolewa na mzee huku waliohudhuria wakiitikia. Mshairi wa Pemba akiisikia hatafahamu hata neno, lakini ataitambua kazi: atasikia kiongozi na kiitikio, atasikia fungu likimalizika na jengine likianza, atajua kwamba mzee yule amehifadhi moyoni kitu kilichopangwa. W. D. Kamera alikusanya ngano zao na kuzitoa kwa Kiswahili katika miaka ya 1970, katika kitabu alichokiita Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, na kwa kufanya hivyo alionesha kwamba njia ya kutoka Mbulu kwenda pwani ipo na inapitika. Mwalimu wa darasa la kwanza angelikuwa na ngano kumi tu za aina hiyo, kwa lugha zote mbili, angelikuwa na kitu cha kumpa mtoto aende nacho nyumbani siku skuli inapofungwa.

Na itafungwa tena. Tarehe 3 Disemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikaua makumi ya watu, na baadhi ya skuli zikawa makazi ya walionusurika. Maradhi, mafuriko, ukame unaowahamisha wafugaji na watoto wao: sababu hazikosekani. Mwalimu aliyetumwa huko kutoka mbali ataendelea kupokea watoto wasiojua asemalo, na kuwafanya Waswahili mmoja baada ya mwengine, kwa mshahara mdogo na bila ya kutajwa katika mashairi yanayokisifu Kiswahili. Wanaokipenda Kiswahili wana deni kwake. Wanaweza kuanza kulilipa kwa kumpelekea vitabu, na kwa kumwachia ajifunze lugha ya watoto wake bila ya kumwona msaliti.